Kibuta: Udongo wa bondeni unavyomwandaa mtoto kushika kalamu

UKITOKA Dar es Salaam kwa njia ya Gongo la Mboto, unapanda vilima vya Pugu, unapita penye msitu, kisha unafika Kisarawe mjini. Kata ya Kibuta imo ndani ya wilaya hiyo ya Kisarawe, mkoani Pwani. Ni nchi ya Wazaramo, ya minazi, mikorosho na mihogo.

Mwanafunzi wa darasa la kwanza wa huku haihitaji duka la vifaa ili afanye sanaa. Udongo wa mfinyanzi uko bondeni. Mkaa wa kuchorea uko jikoni, na bizari ya manjano ikikorogwa na maji inatoa rangi. Unga wa muhogo ukipikwa uji mzito unakuwa gundi. Ukili wa bibi unafundisha kuhesabu: mmoja juu, mmoja chini, hadi mkeka utokee.

Kazi za mikono si ngeni hapa. Wazaramo wanajulikana kwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, ambacho kwa desturi mwali alikabidhiwa wakati wa kufundwa.

Hata hivyo, mtoto akirudi na tope kwenye sare, wazazi wengi huuliza: “Nimekupeleka ukasome au ukacheze?”

Jibu liko kwenye vidole. Kalamu hushikwa kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, na nguvu yake hutoka kwenye misuli midogo ya kiganja. Mtoto anayekanda udongo, kuuviringisha na kuubana anaijenga misuli hiyo. Ambaye mikono yake haijakomaa huchoka mapema, herufi zake zinapinda, na asipoeleweka anaitwa mvivu au mzito. Jina hilo linaweza kumfanya aichukie shule kabla hajajua kusoma.

Tangu 2015, darasa la kwanza na la pili yaliweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umetaja pia utamaduni, sanaa na michezo. Kwa hiyo kufinyanga ni sehemu ya somo.

Lakini si kila kinachookotwa njiani kinafaa kubandikwa kwenye karatasi. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huzipenda kwa uzuri wake, zina sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mnyonyo, au mbarika, nazo ni hivyo hivyo. Ganda bichi la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Badala yake mpe maharage, punje za mahindi au vipande vya kifuu vilivyosuguliwa, na umwangalie asivitie puani wala mdomoni.

Udongo pia unaweza kubeba mayai ya minyoo. Uchimbwe mbali na choo, na mtoto anawe kwa sabuni akimaliza, kucha zikiwa fupi.

Leo jioni, kabla ya kugombeza kwa ajili ya sare, muulize mwanao: “Umetengeneza nini?” Kisha mwachie donge la udongo barazani wakati ugali unasongwa. Tope litatoka kwa kufua.