"Hesabu imetimia?"

Jioni nyingi huko Tandika, wilayani Temeke, baba mmoja huegesha bodaboda mlangoni, na kabla hajavua viatu mkewe humuuliza, "Hesabu imetimia?" Pikipiki ni ya tajiri, naye anataka shilingi elfu kumi zake kila siku. Hesabu ikitimia, watu hula huku wakipiga soga. Isipotimia, wazazi hurushiana maneno, kisha nyumba nzima hunyamaza.

Binti yao yuko darasa la pili, anasoma KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Siku moja mwalimu alimwita mama. Mtoto anasoma vizuri na mwandiko wake ni mzuri, ila kikifika kipindi cha kuhesabu huomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama alidhani ni uvivu. Usiku alipombembeleza, mtoto akasema, "Mama, mimi sipendi hesabu. Ndiyo inawagombanisha wewe na baba."

Mama alikosa la kujibu. Kwake neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, lina maana nyingi. Hesabu ni somo, na ni fedha ya tajiri. Mwaka 2022 watu walihesabiwa kwenye Sensa. Na mtu akisema "namhesabu kama mwanangu", hataji idadi, anataja upendo. Lakini mtoto alikuwa ameshika maana moja tu: ugomvi.

Kesho yake mama hakushika daftari. Alimpa binti kazi ya kuandaa chakula mkekani: sahani tano, vijiko vitano, watu watano. Mtoto akacheka kuona "tano" inavyobadilika kufuata kinachohesabiwa. Kaka yake mkubwa akamwambia kwamba hata Wajapani, ambao kuhesabu wanakuita kazoeru, wana mambo hayo: watu wawili ni futari, lakini kalamu mbili ni nihon. Kwetu sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, hazibadiliki: watu sita, vijiko sita. Ikawa mchezo wa kila jioni.

Baba naye aliposimuliewa, aliinamisha kichwa. Wazazi wengi hudhani mtoto hasikii mazungumzo ya fedha, kumbe anayasikia na kuyapa maana yake mwenyewe. Wakakubaliana kwamba hawatamficha hali halisi, ila hawatagombana mbele yake tena.

Wiki iliyofuata baba alirudi amechoka. Alimwaga fedha mkekani, akamwambia binti, "Nihesabie."

Mtoto akazipanga taratibu: noti tatu za elfu mbili, noti moja ya elfu moja, sarafu mbili za mia tano.

"Elfu nane," akasema. "Baba, imepungua elfu mbili."

Akamtazama mama. Mama akaendelea kupakua ugali.

"Umepatia," baba akajibu. "Kesho nitatoka mapema."

Wakanawa, wakala.