Umejaa?

Tezi dume haitulii. Nilikuwa nadhani viungo vya ndani vimeshonwa mahali pake kama mifuko ya koti, kumbe hii ya wanaume, iliyokaa chini ya kibofu na mbele ya utumbo wa mwisho, husukumwa huku na huku siku nzima. Kibofu kikijaa, inasogea. Hewa ikipita nyuma yake, inasogea tena. Ni milimita chache tu, lakini mionzi haijui huruma. Inachoma palepale ilipoelekezwa.

Ndiyo maana kwa wiki nne, Jumatatu hadi Ijumaa, kazi yangu ilikuwa kubeba chupa ya maji ya Baba. Vikao 20. Kila siku masharti ni yaleyale: aende choo kwanza, anywe nusu lita, halafu akae bila kukojoa hadi aitwe. Kibofu kilichojaa huinuka na kusogeza utumbo mwembamba mbali na njia ya mionzi. Maharagwe na kabeji marufuku, kwa sababu ya gesi. Mwambie Mtaita wa miaka 71 asile kimanga mwezi mzima, uone atakavyokuangalia. Alichorwa pia nukta tatu za wino kwenye nyonga za kumlaza sawasawa mezani. "Uzee huu nachorwa tattoo kama makanga," akasema, na hakutabasamu.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa na mashine nzuri na foleni mbaya. Ukiambiwa saa nne unaingia saa sita, na kibofu cha mzee hakina subira ya saa mbili. Pale kwenye benchi walikaa wazee wasiojuana, miguu imebanwa, chupa mkononi. Mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu huko Kitui ndiye aliyeanzisha salamu: "Umejaa?" Mwenzake anajibu, "Nimejaa, lakini sijui kama nitafika." Wanacheka kidogo, kwa tahadhari, maana kicheko nacho kina hatari zake. Aliyeshindwa alikimbia msalani, akarudi kuanza chupa upya, na nafasi yake ikaenda kwa mwingine.

Nyumbani Baba hakusema neno. Mama aliambiwa ni mgongo. Mimi mwenyewe nilijua tu kwa sababu mtu alihitajika kutia sahihi.

Siku ya tisa alitoka mapema mno, uso umekunjamana. Kabla ya kila kikao mashine humzunguka mgonjwa na kupiga picha, kisha wahudumu wanailinganisha na ile ya mpango. Kukiwa na tofauti ndogo, meza inasogezwa. Siku hiyo hawakuweza kusogeza chochote. "Mzee, kuna hewa. Tembea kidogo uitoe, kisha urudi." Msichana wa umri wa mjukuu wake! Alizunguka uani mara sita, nami nyuma yake, tusiangaliane. Kwenye matatu ya kurudi ndipo akaanza kuongea, akiangalia dirishani. Kukojoa usiku, damu, kile kipimo cha kidole, mengine ambayo hayatatoka kinywani mwangu. Sijawahi kumsikia akiutaja mwili wake kabla ya siku hiyo.

Tulipomwona daktari, alitufungulia picha mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Hewa ilionekana kama povu jeusi, na tezi imesukumwa mbele. Baba akaikazia macho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Picha mnapiga kabla. Sasa mkishaanza kuchoma, ikisogea?"

Daktari alimpenda kwa swali lile, niliona. Akasema ndiyo sababu huongezwa ukingo wa milimita kadhaa kuzunguka tezi. Lakini ukingo huo unaingia kwenye kibofu na utumbo ambao ni mzima, na malipo yake ni kule kuungua wakati wa kukojoa.

Usiku nikasoma. Zipo mashine zinazounganisha mionzi na MRI, zinazoitazama tezi wakati inachomwa na kukata mionzi ikitoka nje ya mpaka. Kule Utrecht, Uholanzi, walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa aina moja mwaka 2017. Huko UCLA, Marekani, walilinganisha wanaume zaidi ya 150: walioongozwa na MRI walipewa ukingo wa milimita 2, wengine wa CT milimita 4. Matatizo ya mkojo ya kuwasumbua hasa, katika miezi ya mwanzo, yaliwapata asilimia 24 upande wa kwanza na 43 upande wa pili. Matokeo yalichapishwa 2023, na mwaka huohuo kampuni iliyotengeneza mashine hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Sikushangaa sana, vitu vizuri ni ghali hata kwao.

Nilimsomea Baba. Akauliza iko wapi karibu nasi, nikanyamaza, akasema basi tuendelee na maji.

Alimaliza vikao. Aliungua wiki kadhaa, akapona. Baada ya miezi mitatu PSA yake ilikuwa imeshuka, na daktari akasema ndugu zake nao wapimwe, kwa kuwa hatari hii hufuata damu. Nilidhani nitapiga simu mimi. Nikamkuta sebuleni, Mama ameketi kando, sauti yake ile ya kuongea na watu wa Wundanyi kana kwamba simu haipo: "Mdogo wangu, ni damu tu wanatoa kwanza. Sasa sikiliza, wakikupata nayo, mambo ya kimanga utasahau. Na ukiulizwa kama umejaa, sema ukweli."