Reto-o-Reto: Deni la Mtafiti kwa Vikundi vya Kitengela

Utafiti ni mkopo. Mtafiti hukopa saa za watu, kumbukumbu zao na wakati mwingine hata siri zao, kisha hufunga daftari na kwenda zake. Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, katika uchunguzi wa vikundi na mashirika ya kijamii, deni hili aghalabu hulipwa kwa mtu asiyelidai: msimamizi wa tasnifu, mfadhili wa mradi au mhariri wa jarida la ng'ambo. Aliyekopesha hubaki akingoja. Insha hii inalitazama deni hilo kwa kurejelea Kitengela na Kajiado, mahali ambapo liliwahi kupewa jina lake halisi.

Mfano mkongwe zaidi nchini Kenya ni wa neno harambee. Jomo Kenyatta alipolifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wananchi walijenga shule, zahanati na mabwawa kwa michango na jasho lao. Wataalamu waliliona jambo hilo, wakalichunguza. Mwaka 1977, Philip Mbithi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Rasmus Rasmusson walichapisha kitabu kuhusu kujitegemea kwa njia ya harambee. Thamani ya kitabu hicho haijapungua hadi leo. Lakini kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uppsala, nchini Uswidi. Neno la Kiswahili lilifika jaladani. Wengi wa waliobeba mawe na kuchanga senti hawakupata kujua ni nini kilichosemwa juu yao.

Tangu hapo istilahi zimeongezeka. Wanazuoni huzungumzia sekta ya hiari, asasi za kiraia na mtaji wa kijamii. Sheria nazo zina majina yake: kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Mei 2024, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Wakazi wa mitaa ya Kitengela na Kajiado wana maneno yao pia: chama, kikundi, mchango, merigoraundi.

Tofauti hii si ya msamiati tu. Mchukue mama wa Isinya ambaye kila juma huketi na wenzake kuhesabu akiba na kugawana kazi ya ushanga. Akiulizwa kama yeye hufanya kazi ya kujitolea, yamkini atakana. Anayejitolea, kwa jinsi kitenzi chenyewe kilivyoundwa, huitoa nafsi yake bila kungoja kurudishiwa. Mwanachama wa kikundi hutoa leo ili apokee kesho, naye apokeaye leo anajua kwamba zamu ya kutoa i mbele yake. Hojaji ikitumia neno lisilofaa, jibu litakuwa "la", na jedwali litaonyesha kwamba kijiji kizima hakina moyo wa kujitolea. Kosa halitakuwa la mama huyo. Litakuwa la mfasiri.

Kimaa kina usemi unaolitaja jambo hili kwa usahihi zaidi: reto-o-reto, yaani nisaidie nami nikusaidie. Ili kuelewa jinsi usemi huu ulivyogeuka kuwa jina la mradi wa utafiti, hapana budi kuitazama kwanza ardhi yenyewe. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba pekee. Upande wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua kwenda kulisha katika nyanda za Athi na Kaputiei, kisha warejee wakati wa kiangazi. Nyanda hizo ni malisho ya Wamaasai. Chini ya sheria ya mwaka 1968, ardhi nyingi ya Kajiado ilisajiliwa kuwa ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama mwaka 1988. Hatimiliki ilipoingia mkononi mwa mtu mmoja mmoja, uuzaji ulianza, ua ukafuata, na mji ukapanuka kandokando ya barabara ya Namanga.

Jumuiya hazikukaa kimya. Mwaka 2000, kwa juhudi za Marafiki wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi na baadaye Wakfu wa Wanyamapori, mpango wa kukodi ardhi ulianzishwa ukiwa na familia mbili tu. Familia iliyojiunga ililipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Nayo iliahidi kutojenga ua, kutolima na kutowadhuru wanyama. Malipo yalipangwa mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinapofunguliwa. Wamiliki wa ardhi nao walikuwa na muungano wao, Kitengela Ilparakuo, ujulikanao kwa ufupi kama KILA.

Ni katika mazingira hayo ambapo watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, waliingia na mradi wa Reto-o-Reto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mradi ulihusisha Kitengela, Amboseli na Mara nchini Kenya, na pia eneo la Simanjiro nchini Tanzania. Jambo lililoutofautisha na tafiti nyingine lilikuwa wawezeshaji wa jamii. Hao walikuwa Wamaasai wa maeneo yale yale, walioajiriwa kupeleka maswali ya wafugaji kwa wanasayansi na kurudisha majibu kwa wafugaji. Mmoja wao, David ole Nkedianye wa Kitengela, baadaye alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kajiado.

Kazi ya mwezeshaji ni pana kuliko ukalimani. Mkalimani huhamisha maneno. Mwezeshaji huhamisha pia haki ya kuuliza. Katika utafiti wa kawaida swali huanzia chuoni na jibu huishia huko huko. Hapa mfugaji naye aliweza kuuliza: ni ua kiasi gani umeshajengwa, na uko wapi? Wakazi walifunzwa kutumia vifaa vya setilaiti vya kubaini mahali, nao wakapita nyandani wakipima ua mmoja baada ya mwingine. Ramani iliyopatikana ilimpa kila mmoja nafasi ya kuona kwa macho yake jinsi uamuzi wa boma moja unavyoiziba njia ya ng'ombe wa boma la pili na ya nyumbu. Ramani hizo hazikuishia katika majarida. Zilisaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kazi iliyowakutanisha wakazi na Halmashauri ya Olkejuado, iliyosimamia eneo hilo kabla ya kaunti kuundwa.

Je, deni lilimalizika kulipwa? Ingekuwa raha kujibu kwamba ndiyo, lakini takwimu zinakataa. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, waliokuwa takriban 27,000 mwaka 1978, walikuwa wamepungua hadi chini ya 3,000 mwaka 2011. Ufadhili mkubwa wa mpango wa kukodi ardhi ulipofikia kikomo mwaka 2012, malipo hayakuweza kuendelea kama hapo awali. Ekari inayouzwa kwa mjenzi huleta fedha ambazo shilingi 300 haziwezi kushindana nazo, na mzazi mwenye karo ya kulipa hawezi kulaumiwa kwa kupiga hesabu. Utafiti ulirudisha maarifa. Haukuweza kurudisha ardhi.

Hata hivyo, si haki kukata kauli kwamba kazi ile ilikuwa bure. Kuna tofauti kati ya jamii inayopoteza bila kujua na jamii iliyoingia barazani ikiwa na ramani mkononi. Aidha, mkasa wa mwaka 2012 unafunza kuwa reto ina pande mbili kwa wafadhili pia. Aliyepokea ahadi ya mfugaji kwamba hatajenga ua amejifunga kwa ahadi yake mwenyewe, na mradi haufi kwa wanakijiji siku ile ripoti ya mwisho inapowasilishwa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Kitengela ya leo si ya wafugaji peke yao. Imejaa wapangaji, wafanyakazi wa viwandani Athi River, wafanyabiashara na familia zilizonunua viwanja vidogo, nao wana vyama vyao vya mitaa. Wafugaji wana miungano yao. Wote wanahitaji kujua yale yale kuhusu maji, njia za mifugo na ua, lakini kila kundi huandikiwa mbali na lenzake, na mara nyingi kwa Kiingereza. Kiswahili si lugha ya kwanza ya mzee wa Kaputiei, wala haifai kijifanye mbadala wa Kimaa. Lakini ndicho uwanja ambapo mzee huyo na jirani yake mgeni wanaweza kubishana kwa usawa.

Kwa hiyo, kutafsiri hojaji si kibarua cha kumtafutia mwanafunzi nauli. Ni mahali ambapo utafiti hupatia au hukosea. Tafsiri ya hojaji yafaa ijaribiwe kwa wenye vikundi kabla ya kutumiwa, na kila tasnifu inayowahusu ifuatwe na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, usomwe barazani pale pale data ilipokusanywa, mbele ya watu wenye haki ya kuupinga. Idara za Kiswahili zina watu wa kuifanya kazi hiyo. Wanavikundi wa Kajiado wamekwisha kutoa zamu yao; zamu iliyobaki ni ya chuo.