Tawi la Pilipili, Toka Voi Hadi Taveta

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara hupita nyika kavu kwa kiasi cha kilomita 150 kabla ya kufika Voi. Udongo wa hapo ni mwekundu, mibuyu imesimama mmoja mmoja, na mashamba ya mkonge yamenyooka kwa mistari kama askari katika gwaride. Kusini ya mji unasimama mlima wa Sagalla, na upande wa magharibi, siku isiyo na ukungu, huonekana milima ya Taita. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo katika mbuga mbili za Tsavo, zilizotengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1948. Reli ilipita Voi kabla ya karne ya 19 kwisha, na reli mpya ikafunguliwa mwaka 2017. Lakini jambo litawalalo maisha ya mkulima wa huko si gari moshi bali ni mvua.

Mvua za Voi ni za misimu miwili. Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na mara nyingi huwadanganya watu. Mvua za vuli huanza mwishoni mwa Oktoba na kupata nguvu katika Novemba na Desemba, na hizo ndizo zitegemewazo zaidi. Toka Juni hadi Septemba nchi hukauka kabisa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu. Mahindi yakanyauka kabla ya kubeba, ng'ombe wakafa, na hata ndovu wa Tsavo wakaanguka kwa njaa na kiu. Katika nchi ya namna hii mkulima hawezi kungoja mvua inyeshe ndipo aanze kufikiri atapanda nini.

Miongoni mwa mimea izoeayo maisha hayo ni pilipili. Watu wa pwani na wa Taita wanazijua aina nyingi: pilipili kichaa, ambayo ni ndogo na kali, pilipili mbuzi, iliyojikunja na yenye harufu nzuri, na pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, itiwayo katika mchuzi na kachumbari. Zote asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na zililetwa katika pwani zetu zama za Wareno. Pilipili manga ni mmea mwingine kabisa. Huo hutambaa juu ya miti kama mtambaazi, hupenda joto lenye unyevu, na hulimwa Unguja na katika sehemu za Muheza. Wakulima wa huko huupanda kwa vipande vya tawi siku zote. Bali pilipili zetu za kawaida hupandwa kwa mbegu, na watu wengi hawajui kwamba nazo zaweza kupandwa kwa tawi.

Tena mpilipili si mmea wa msimu mmoja kama mahindi. Mahali pasipo na baridi kali huishi miaka miwili, mitatu, au zaidi. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na mpilipili mmoja karibu na mlango wa jiko, umezaa sana, matunda yake yana ladha apendayo, kisha kiangazi kikauua. Akipanda mbegu zake huenda asiupate tena mmea ule. Nyuki na wadudu wengine huchukua unga wa ua la pilipili kali na kuutia katika ua la pilipili hoho, na mbegu itokayo humo huzaa mchanganyiko usiotazamiwa. Na kama mmea ulitokana na mbegu chotara za dukani, watoto wake hawatafanana nao. Lakini tawi halichanganyiki na kitu. Mche utokao katika tawi ni mmea ule ule uliokatwa, kwa ladha yake, ukali wake na uzazi wake.

Jambo hilo si geni kwa Wataita. Mihogo hupandwa kwa pingili, viazi vitamu kwa marando, migomba kwa machipukizi yake, na mkonge wa Voi na Mwatate kwa vichipukizi vyake. Aliyewahi kuchomeka rando la kiazi ardhini na kuliona likishika amekwisha kujua nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujua kwamba tawi la pilipili ni jororo kuliko pingili ya muhogo, kwa hiyo lataka kulelewa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mwanzoni mwa Septemba mkulima huchagua mpilipili mmoja au miwili iliyozaa vizuri, na hutazama majani yake kwanza. Ukiwa na mabaka ya njano, ambao ni ugonjwa wa batobato, au majani yaliyojikunja na kudumaa, huuacha, hata kama zamani uliwahi kuzaa debe zima. Ukiwa mzima huumwagilia maji kwa siku chache, maana tawi lililonyauka halitoi mizizi. Kisha, asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, hukata ncha za matawi zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni. Hukata chini kidogo ya fundo, pale jani linapoungana na tawi, kwa sababu hapo ndipo mizizi hupenda kuchipuka. Majani ya chini huondolewa yote. Ya juu huachwa mawili au matatu, na yakiwa mapana hukatwa nusu ili yasipoteze maji mengi. Maua na vitunda vyote hutolewa bila huruma, kwani tawi lisilo na mizizi haliwezi kulea mtoto.

Mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia hutobolewa matundu chini, kisha hujazwa mchanga wa mto uliooshwa na kuchanganywa na samadi kuukuu kidogo iliyochekechwa. Tundu hutengenezwa kwanza kwa kijiti, ngozi ya tawi isije ikachubuka, kisha tawi huchomekwa mpaka mafundo mawili yafukiwe, na mchanga hushindiliwa kwa vidole. Juu yake hufunikwa chupa ya plastiki ing'aayo, iliyokatwa kitako. Mkebe huwekwa kivulini penye mwanga, kama vile barazani, upande usiopigwa na jua la alasiri. Chupa ikiachwa juani hugeuka kuwa jiko, na tawi hupikika kwa siku moja.

Faida ya chupa hiyo huonekana katika maji. Bomba la chemchemi za Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 ili kupeleka maji Mombasa, huipa Voi sehemu ya maji yake. Lakini si kila siku mfereji hutoka, na jamaa nyingi huyanunua kwa mitungi ya lita 20. Kitalu cha mbegu hutaka kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Mkebe uliofunikwa hutaka kikombe kimoja kwa siku kadhaa, na maji yaliyooshea mboga, bila sabuni, yatosha. Mama mwenye mtungi mmoja wa kutumia nyumbani siku nzima aweza kulea matawi kumi bila kumnyima mtoto maji ya kunywa.

Baada ya wiki tatu au nne mkulima hulivuta tawi polepole kwa vidole viwili. Likishika, lina mizizi. Haifai kulichomoa kila mara ili kutazama, maana mizizi michanga hukatika kama uzi. Yafaa pia kupanda matawi zaidi ya yanayohitajiwa, kwa sababu mengine hufa hata mkono ukiwa hodari. Yaliyoshika huzoezwa hewa ya nje kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, chupa ikiondolewa saa chache tu kwanza, kisha kutwa nzima. Baadaye kila tawi hupewa mkebe wake wenye udongo wa rutuba.

Nje kidogo ya mji, kando ya mlima wa Sagalla, pilipili ina maana nyingine tena. Huko ndovu hutoka mbugani usiku na kuingia mashambani, na jamaa hulala ikiwa na mahindi ikaamka haina kitu. Watu wa Sagalla wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu humwogopa nyuki. Na njia nyingine ijulikanayo katika nchi nyingi za Afrika ni kusaga pilipili kali, kuichanganya na mafuta machafu ya magari, na kuyapaka katika kamba na vitambaa vilivyofungwa juu ya nguzo. Harufu yake huuwasha mkonga wa ndovu. Ndovu hapendi pia kuula mpilipili wenyewe, ingawa aweza kuukanyaga akiwa njiani kwenda kwenye mahindi. Lakini njia hiyo yataka pilipili nyingi, tena mfululizo, maana mvua huiosha dawa hiyo na lazima ipakwe upya. Husemwa, pilipili iliyo shamba yakuwashiani? Kwa mkulima wa Sagalla, pilipili iliyo shamba ni ulinzi wake, na akiikosa wakati mahindi yanapokomaa hasara humfika yeye.

Kutoka Voi barabara huelekea Mwatate, kisha hupanda kwa mizunguko mingi hadi Wundanyi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Kilele cha Vuria, kilicho juu zaidi, kimefikia mita 2,208. Hewa hubadilika mara moja. Ukungu hushuka asubuhi, vijito hutiririka mabondeni, na mboga za Wataita zilimwazo kwenye matuta ya milimani zimeuzwa Mombasa kwa miaka mingi. Lakini tawi la pilipili lililochomekwa Wundanyi mwezi wa Julai huweza kukaa wiki sita bila kutoa mzizi, kisha likaoza. Adui wa huko ni baridi na unyevu uliozidi. Kwa hiyo mtu wa milimani hungoja miezi ya joto, huongeza mchanga na kupunguza samadi, huweka mkebe karibu na ukuta wa jiko, na huifunua chupa kila siku ili hewa ipite.

Milima hiyo ina ushahidi mwingine wa nguvu ya kipande cha mmea. Katika msitu wa Mbololo huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wamelipa jina la Taita, kwa kuwa haliko katika pori jingine lolote duniani. Jamaa yake wa milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul mwaka 1892, na leo liko madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Watu wa huko hulizidisha kwa jani moja tu lililochomekwa katika udongo.

Magharibi ya Mwatate barabara hupita Bura na Maktau, ikifuatana na reli iliyoanzwa kujengwa mwaka 1915 wakati wa vita dhidi ya Wajerumani, mpaka Taveta mpakani mwa Tanzania. Hapo maji yatokayo Kilimanjaro huchimbuka katika chemchemi na kupitishwa mifereji hadi kwenye migomba, vitunguu na nyanya. Joto lipo na maji yapo, kwa hiyo matawi hushika upesi. Hatari ya Taveta ni wadudu. Mahali palimwapo mwaka mzima, vidukari na nzi weupe hawafi njaa, nao huchukua maradhi toka mmea mmoja hadi mwingine. Hapa ndipo mkulima akumbuke udhaifu wa njia hii: tawi hurithi wema wa mama, na ugonjwa wake pia. Mkulima akikata matawi 20 katika mpilipili mgonjwa, amejipandia wagonjwa 20. Mvutaji wa tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa matawi, kwa sababu ugonjwa mmoja wa batobato hukaa katika tumbaku na kuhamia kwenye pilipili.

Upo udhaifu wa pili, nao ni wa kuangaliwa zaidi Voi. Mche wa tawi hauna mzizi mkuu ushukao chini sana kama wa mbegu iliyoota mahali pake. Basi hutaka shimo pana lenye samadi, kingo za kuzuia maji ya mvua yasikimbie, na matandazo ya nyasi yasiyogusa shina, maana mchwa wa nyika hufuata nyasi kavu. Tena hutaka kijiti cha kuuegemeza, upepo usiung'oe. Na mkulima mwenye busara haachi kabisa kuhifadhi mbegu. Huweka akiba katika chupa iliyofungwa, matawi yakishindwa apate pa kuanzia.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mpilipili dalili hiyo huwa imechelewa. Mbegu iliyotiwa kitaluni siku ya mvua ya kwanza hukaa humo wiki sita hadi nane kabla ya kuhamishwa, na kwa wakati huo vuli ya Voi imekaribia kwisha. Aliyekata matawi yake Septemba, katika jua kali na vumbi, huwa na miche mikononi mwake siku udongo ulowapo, na matone yote ya msimu huwa ni yake.