Siku mbili kwa wamama wa kasiksi, Katana



Mnakumbuka mama mwenzetu wa AVEC aliyeomba mkopo wa kuanza kazi ya kasiksi. Tuligawanyika. Wengine walisema ni biashara kama nyingine. Wengine wakasema akiba ya wamama haiwezi kutengeneza pombe inayoharibu nyumba za wamama. Mwishowe mkanituma niende kuona, kwa sababu shangazi yangu anakaa Katana. Hamkujua kwamba mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kukataa.

Siku ya posho asubuhi nilipanda gari Bukavu. Barabara inafuata ziwa kuelekea kaskazini: soko la Mudaka, halafu Miti, pale njia ya mbuga ya Kahuzi-Biega inapoachana na yetu, halafu Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Kuanzia hapo ni migomba tu, nyumba zimejificha ndani yake. Wazungu wana milima yao ya zabibu. Sisi huku Bushi divai yetu inatoka kwenye mgomba.

Shangazi alinipeleka kwanza kwa jirani yake, mjane. Tulimkuta anatoa ndizi shimoni. Shimo linatandikwa majani ya mgomba, linatiwa joto la moto, linafunikwa, na ndizi zinaiva kwa siku nne au tano. Tulimenya pamoja. Kisha akazitia katika gogo lililochongwa kama mtumbwi, akachanganya na majani makavu, akaanza kukanda kwa mikono. Majani yanakamata nyama ya ndizi, na maji yanatoka peke yake, matamu kama asali. Watoto walikuwa wamekwisha kujipanga na vikombe, maana maji hayo ya siku ya kwanza hayalevyi. Baadaye anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika vizuri, na baada ya siku mbili au tatu ni kasiksi.

Alituonjesha ile iliyokuwa tayari, lakini yeye akanywa kwanza. Ndiyo adabu: anayekaribisha anaonja mbele ya mgeni, ili mgeni akunywe bila wasiwasi.

Nilimuuliza faida. Hakuchukua kalamu, alichukua maharagi kumi. «Haya ndiyo mauzo yangu yote.» Akaondoa moja ya mtama, moja ya kuni, moja ya kijana anayebeba bidoni mpaka barabarani. Yalibaki saba, kwa sababu ndizi ni za shamba lake. Kwa hayo saba watoto watatu wanalipiwa masomo.

Nyumba ya pili sikupenda. Ilikuwa bado asubuhi, na kwenye benchi wanaume walikuwa wamekaa na vibuyu vyao. Mtoto wa kike, labda miaka nane, alisimama mlangoni. «Baba, mama anakuita.» Baba hakugeuka. Mtoto akasimama tu.

Wamama, mtoto yule nilimjua. Nilikuwa ni mimi. Mama yangu alikuwa anauza kasiksi, na baba alikuwa mteja wake wa kwanza, mteja asiyelipa. Shuleni waliniita mtoto wa pombe. Nilipopata diploma yangu ya ISP, niliapa sitazungumza tena habari ya kasiksi. Na kwa miaka hiyo yote sikujiuliza minervali yangu ilitoka wapi. Baba hakuilipa hata mara moja.

Siku ya Mungu, baada ya misa, tulienda kwa mama wa tatu, kijana bado. Shamba lake lilikuwa la kuhuzunisha: majani yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zimekuwa njano kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Ni mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulionekana Masisi mwaka 2001, ukashuka mpaka kwetu. Si uchawi wa jirani. Ni vijidudu vinavyobebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la chini la mkungu, na vinabebwa pia na panga. Yeye alikuwa anaazima panga kwa majirani, na hakuna aliyemwambia.

Sasa ananunua ndizi za watu. Nilimpa maharagi kumi, tukahesabu pamoja. Matano yalienda kwa ndizi, matatu kwa mtama, kuni na mbebaji. Yalibaki mawili. Aliyatazama muda mrefu.

Tuliporudi kwa mjane, nilimwona akivunja maua ya chini kwa kijiti chenye panda, bila kuyagusa kwa chuma. Panga lake analipitisha kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Shina lililougua analing'oa bila huruma. Ndiyo maana maharagi yake ni saba.

Basi haya ndiyo nitakayosema kwenye mkutano. Kwanza, mkopo utolewe, lakini kwa mwenye migomba yake, si kwa anayenunua ndizi zote. Pili, kabla ya pesa kutoka, wawili kati yetu waende kuangalia shamba lake, na panga la moto liwe sharti. Tatu, mwenye mkopo asiuzie nyumbani mbele ya watoto. Auze kwa bidoni, pesa mkononi, na hata bwana yake alipe.

Jioni nilipofika Bukavu sikuenda kwangu. Nilipita kwa mama, nikamwambia nimetoka kukanda ndizi. Alishika mikono yangu, akanusa, akacheka. Kisha akaniuliza kama walitia mtama wa kutosha. Tulikaa mpaka usiku, na kwa mara ya kwanza nilimwambia asante kwa ajili ya masomo.