Maneno 200

Mwaka 2021 nilimpa mtu ushauri mbaya, kisha nikauficha ubaya wake kwa miaka. Aliyeulipia ni mama mmoja mzaliwa wa Muheza, anayefanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, Uingereza. Amenizidi umri kwa miaka zaidi ya 20. Mimi humwita mama, naye huniita mwanangu. Naandika kwa ridhaa yake, kwa sababu ushauri ule bado nausikia misibani na harusini, kila Waswahili tunapokutana huku: "Kata tu malipo benki. Watakufanya nini?"

Mama alikuwa amenunua simu dukani kwa mkataba wa miezi 24, pauni 38 kwa mwezi. Kabla hajatia sahihi, aliuliza kama mtandao unashika nyumbani kwake. Kijana aliyemhudumia alichukua kikaratasi chenye ramani, akauzungushia mtaa wake duara kwa kalamu ya bluu, akamwambia kule hakuna shida. Shida ilikuwepo. Jioni moja nilimkuta amepanda kigoda kando ya dirisha la jikoni, kanga mabegani, simu ameinyanyua karibu na dari, anapaza sauti kumuuliza mwanawe kama hela ya ada ya shule imefika. Jibu lilikuja vipande vipande, kisha likakatika. Akashuka, akaifuta simu kwa ncha ya kanga, akaiweka mezani bila kusema neno.

Mwezi wa tisa wa mkataba aliipigia kampuni akitaka kujitoa. Wakamjibu kwamba ruhusa anayo, ila alipe pauni 431 za kuvunja mkataba kabla ya muda.

Akaja kwangu. Hapa mtaani mimi ndiye hupelekewa barua za Kiingereza. Nawajazia watu fomu, nawapigia simu daktari na shule. Sifa hiyo ilikuwa imenilevya. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka mezani mfuko wa nailoni uliokuwa na mkataba, risiti na kile kikaratasi. Akasema, "Mwanangu, hatuwezi kuwaandikia barua kwanza?"

Mfuko sikuufungua. Nilimwambia, "Mama, hawa ni wezi. Kata malipo benki, watachoka wenyewe." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma sheria, na wala sikuwa nimesoma hata ukurasa wa kwanza wa mkataba wake. Nilichokuwa nacho kichwani ni mazoea ya nyumbani, ambako wengi wetu simu tumeijua kwa vocha: unaweka salio, likiisha limeisha, ukiuchoka mtandao unanunua laini nyingine. Huku simu ya mkataba ni deni. Nilikuwa nimeishi Uingereza miaka mitano, na jambo hilo nilipaswa kulijua.

Barua zilipoanza kuja, aliniletea tatu za kwanza. Nikamwambia azitupe. Baadaye deni likapelekwa kwa wakusanya madeni, na mwanzoni mwa 2022 likaandikwa katika rekodi yake ya mikopo kuwa ni deni lililoshindikana kulipwa. Mwaka huohuo mwenye nyumba wake aliamua kuuza. Mama akaomba nyumba nyingine. Wakala akaangalia rekodi, akamkataa. Ndipo alipoilipa kampuni deni lote, pauni juu ya pauni, kwa fedha alizokuwa akiweka ili aende nyumbani. Kulipa hakukufuta alama. Alama kama hiyo hukaa miaka 6, hata deni likiisha, kwa hiyo yake itatoka 2028.

Nilikaa kusoma baada ya wakala kumkataa, na kila nilichosoma kilinichoma. Ilikuwa imebaki miezi 15, ambayo kwa pauni 38 ni pauni 570. Kampuni ilipunguza gharama ambazo isingezibeba tena kwa kutomhudumia, ikafika 431. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na vitu viwili. Kulikuwa na bei ya simu yenyewe, ambayo alikuwa nayo mkononi na alipaswa kuimaliza. Na kulikuwa na bei ya huduma ya mtandao, ambayo hakuipata kama alivyoahidiwa. Hiyo ya pili ilikuwa ya kubishaniwa.

Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza, ya mwaka 2015, inasema kwamba maelezo ambayo mtoa huduma anampa mteja kuhusu huduma, kwa mdomo au kwa maandishi, yanakuwa sehemu ya mkataba iwapo mteja aliyategemea alipoamua kununua. Yaani lile duara la kalamu ya bluu lilikuwa na uzito wa kisheria. Lilikuwa mezani pangu, ndani ya mfuko, umbali wa mkono.

Njia yenyewe haikuwa ngumu. Angeandika malalamiko, akaambatanisha nakala ya kikaratasi, akadai namba ya kumbukumbu, na akaendelea kulipa kila mwezi huku akibishana, ili rekodi yake ibaki safi. Wakati ule, wiki 8 zikipita bila suluhu, au kampuni ikiandika barua kwamba imefika mwisho wa mazungumzo, mteja aliweza kupeleka shauri kwa msuluhishi huru. Kila kampuni ya simu huku lazima iwe ndani ya mpango wa usuluhishi ulioidhinishwa na Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na mteja halipi chochote. Siwezi kusema angeshinda. Ninachosema ni kwamba alikuwa na hoja, akataka kuiandika, nami nikamzuia.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Sheria inamruhusu mtu aweke maelezo yake katika rekodi ya mikopo, yasiyozidi maneno 200, ili kila anayeifungua asome upande wake. Mama akaniomba nimwandikie. Niliandika kwa Kiingereza kwamba alishindwa kuuelewa mkataba kwa sababu ya lugha. Aliponiuliza nimeandika nini, nilimsomea kwa Kiswahili kitu kingine: kwamba alikuwa na mgogoro na kampuni kuhusu huduma. Akashukuru, akatia sahihi. Mwanamke aliyeuliza swali sahihi dukani, akahifadhi ushahidi, akataka kuandika barua, nikamwandika kuwa ni mtu asiyeelewa, ili jina langu lisionekane mahali popote. Nilitumia Kiingereza changu, ambacho alikiamini, kumfunika yeye na kujificha mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamweleza yote, pamoja na tafsiri niliyoipotosha. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba aseme hivyo. Aliingia chumbani, akatoka na mfuko uleule wa nailoni, akatoa kikaratasi. Duara bado linaonekana. Kisha akasema, "Kaa. Andika upya. Safari hii nasema mimi, wewe andika."

Tuliandika. Kila sentensi nilimsomea kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na alipotia shaka neno nililitafuta kwenye kamusi mbele yake. Aliita binti wa jirani aje kuhakiki tafsiri yangu, na ilikuwa haki yake. Katikati ya maelezo yake kuna sentensi aliyoitaka yeye: kwamba aliacha kulipa kwa ushauri wa mtu aliyemwamini, ambaye hakuwa amesoma mkataba.

Watu bado wananiletea barua. Siku hizi simjibu mtu mpaka nimeutoa mkataba kwenye mfuko, nimeusoma wote mbele yake, na nimemuuliza yeye mwenyewe anataka kufanya nini.