Jua kibao, umeme hakuna! Yaliyotukuta Ziwa Natron

Sisi watoto wa mjini tukisikia habari ya kwenda kulala porini, tunawaza nyama choma, muziki na picha za kuwatamanishia washkaji. Umeme wa kuendesha mambo yote hayo hatuuwazi, mpaka simu izime. Mimi nilikuwa bingwa wa tabia hiyo. Oktoba 2023 ndipo nilipokomeshwa.

Tulikuwa watatu: shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye mwenye gari, mdogo wangu wa kiume, na mimi. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya kizamani. Shemeji kang'oa viti vya nyuma, kaweka godoro, kabati la vyombo na friji dogo la volti 12. Basi ni nyumba yenye magurudumu, choo tu ndicho hakuna. Tukatoka Dar mpaka Arusha, kesho yake Mto wa Mbu, halafu tukaacha lami, tukala vumbi kupitia Selela na Engaruka mpaka Engare Sero. Kijiji hicho kipo kati ya ziwa na Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu na ambao mwaka 2007 ulilipuka kwa kishindo. Ukiuona alfajiri, hata kama ni msemaji wa ukoo, unanyamaza.

Sasa sikia. Mdogo wangu ana kisukari cha kuchoma sindano. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, tena isigande. Ikishafunguliwa, aina nyingi zinavumilia kama wiki nne nje ya friji, ila joto lisizidi nyuzi 30 hivi. Natron mchana joto linapita 40! Kwa hiyo friji lile halikuwa la soda.

Vifaa vya sola nilivinunua mimi, Kariakoo, kwa mbwembwe zote. Paneli ya kukunja kama begi, kibandiko kinasema wati 200, bei ya kutupa. Betri ya asidi iliyokwishatumika, nikaambiwa "bado nzima hiyo, sista." Nikajiona mjanja.

Siku ya kwanza jua liliwaka mpaka kokoto zinaunguza ndala. Nikamwambia shemeji, leo tutapata umeme wa kugawia kijiji. Saa sita mchana tukatazama kisomeo cha kontrola: wati 60. Shemeji akacheka, "Shem, hizo nyingine 140 umeziacha Kariakoo?" Usiku wa saa nane friji likazima lenyewe, maana friji za namna hii hujikata betri ikishuka ili zisiiue. Alfajiri kipimajoto cha ndani kilisoma 17. Mdogo wangu hakusema kitu. Alizitoa chupa zake moja moja, akazitazama, akazirudisha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mlinzi wa kambi. Alituletea chungu, tukakizungushia gunia lililoloweshwa maji, tukakiweka kivulini upepo unapopita. Kule hewa ni kavu, maji yanakauka haraka na yanaondoka na joto. Chupa zikakaa chini ya nyuzi 30 mpaka tulipogeuza gari siku ya pili, heroe tukiwa tumewaona kwa mbali tu. Hasira niliyokuwa nayo haielezeki, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilianza kununua paneli kabla ya kumjua mlaji. Friji letu linakula wati 45 likinguruma, na kwenye joto linanguruma karibu nusu ya siku nzima. Piga hesabu: wati 45 mara saa 12 ni 540. Ongeza simu tatu na taa, weka 600 kwa siku. Paneli yangu ya wati 60, kwa saa tano za jua la maana, ilileta 300. Hapo hata mtoto wa darasa la nne anaona kasheshe.

Na usidanganywe na kibandiko. Jua la mchana linamwaga kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inakamata kama sehemu moja ya tano tu. Likunjue gazeti hili kurasa mbili: paneli ya ukubwa huo hata ikijitahidi haifiki wati 50. Anayekuuzia 200 kwenye eneo hilo anakuuzia stika. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba paneli haipendi joto. Inachotaka ni mwanga. Ikichemka inapungua nguvu, kwa hiyo usiilaze juu ya bati la gari, iinamishe kidogo hewa ipite chini.

Safari ya pili, Februari, tulijipanga. Paneli ya kweli ya wati 200, kubwa kama meza, haikuwekwa juu ya gari. Gari linataka kivuli, paneli inataka jua, na tawi moja likiigusa kwa kivuli chake umeme unaporomoka. Kwa hiyo tulinunua waya mnene wa mita kumi: gari chini ya mgunga, paneli uwanjani, asubuhi inatazama mashariki, jioni magharibi, vumbi linafutwa kila kukicha. Kontrola ni aina ya MPPT, inayokamua zaidi ya zile za bei rahisi. Betri ni ya lithiamu, ampea-saa 100, kilo kama 12 tu, na unaitumia karibu yote, wakati ile ya asidi ina uzito zaidi ya mara mbili na ukivuka nusu unaiua. Bei yake inauma, sikufichi, nilikopa. Fyuzi shemeji aliifunga karibu kabisa na betri, maana waya ukigusana hapo gari zima linawaka.

Chungu nacho tulikibeba.

Kulipokucha namba ya friji ilisoma 5. Mdogo wangu akachoma sindano yake, akafunga mfuniko, akaniuliza, "Dada, sasa soda zimo, au umesahau?"